Karakana Juu ya Meza: Sayansi ya Modeli za Magari ya Hotirodi

Mwaka 1958 kampuni ya AMT ya mji wa Troy, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ilianza kuuza visanduku vya karatasi ngumu ambavyo ndani yake mlikuwa na gari zima likiwa vipande vipande vya plastiki. Mnunuzi aliachiwa hiari ya kuliunda gari hilo kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, kama gari la mapambo, au kama gari la mashindano. Muda si mrefu makampuni ya Revell na Monogram nayo yakawa yanauza seti za namna hiyo, na mamilioni ya vijana ambao umri wao haukuwaruhusu kushika usukani wakawa mafundi wa magari juu ya meza za nyumbani kwao.

Watu wazima wengi waliuona mchezo huo kuwa ni njia ya kupoteza wakati. Hata hivyo, mtu akiichunguza kazi yenyewe atakuta kwamba ndani yake mna hesabu ya uwiano, jiometri, kemia ya plastiki na tabia ya mwanga. Tena mna fundisho moja kubwa ambalo halipatikani kwa urahisi vitabuni, nalo ni kwamba si kila kitu katika maumbile kinakubali kupunguzwa. Makala haya yaeleza jinsi modeli hizo zinavyoundwa na kubadilishwa, na sababu za kisayansi zinazofanya kazi moja ifaulu na nyingine iharibike.

Asili ya magari yenyewe

Hotirodi ni gari kuukuu lililopunguzwa uzito na kuongezewa nguvu ili lipate kasi. Chimbuko lake ni kusini mwa California katika miaka ya 1930. Kati ya mwaka 1908 na 1927 kampuni ya Ford ilikuwa imetengeneza zaidi ya magari milioni 15 ya aina ya Model T, na kwa sababu hiyo magari yaliyokwisha kutumika yalipatikana kwa bei ndogo. Mwaka 1932 kampuni hiyohiyo ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Injini hiyo ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu-farasi 65, jambo ambalo hapo awali lilikuwa la matajiri peke yao.

Vijana waliyanunua magari hayo makuukuu, wakang'oa madigadi, bampa, na kila kilichokuwa na uzito usio na kazi. Kanuni waliyoifuata ni ile ya Newton: nguvu ileile ikisukuma mzigo mdogo zaidi, mwendo huongezeka upesi zaidi. Magurudumu ya nyuma yalifungwa matairi makubwa kuliko ya mbele, kwa kuwa tairi kubwa husafiri mbali zaidi kila lizungukapo mara moja. Mashindano yalifanyika katika mabonde ya maziwa yaliyokauka, kama vile Muroc na El Mirage, na mwaka 1937 chama cha kuyasimamia kikaundwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wengi walirudi wakiwa na ujuzi wa mitambo, na idadi ya magari hayo ikaongezeka. Baadhi ya vijana walishindana katika barabara za mijini, na ajali zikatokea. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha kitaifa kiitwacho NHRA, kwa shabaha ya kuuondoa mchezo huo barabarani na kuupeleka katika viwanja maalumu vyenye kanuni za usalama. Sambamba na hotirodi kulikuwa na magari ya mapambo, ambayo hayakutafuta kasi bali umbo. Mojawapo lililopata sifa kubwa ni Mercury ya mwaka 1951 iliyobadilishwa mwaka 1952 katika karakana ya ndugu Barris huko California kwa ajili ya mteja wao Bob Hirohata. Aina hizi mbili, la kasi na la umbo, ndizo zilizoigwa na watengenezaji wa seti za plastiki.

Maana ya skeli

Seti za AMT hutumia skeli ya 1 kwa 25, yaani kila milimita moja ya modeli ni sawa na milimita 25 za gari halisi. Monogram ilipendelea skeli ya 1 kwa 24, ambayo kwa vipimo vya Kiingereza ni nusu inchi kwa kila futi moja. Ford ya mwaka 1932 ina urefu wa milimita 2,692 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Katika skeli ya 1 kwa 25 urefu huo huwa milimita 107.7, karibu sawa na upana wa kiganja cha mtu mzima pamoja na kidole gumba.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wengi. Urefu ukigawanywa kwa 25, eneo hugawanywa kwa 25 mara 25, yaani 625. Na ujazo hugawanywa kwa 25 mara tatu, yaani 15,625. Gari la kilo 1,000, kama lingetengenezwa upya kwa chuma kilekile katika skeli hiyo, lingekuwa na uzito wa gramu 64 tu. Uzito umepungua mara 25 zaidi ya eneo la sehemu zinazoubeba. Ndiyo maana modeli huweza kuanguka kutoka mezani na kuvunjika kioo cha pembeni tu, hali gari halisi likidondoka kutoka mara 25 ya kimo hicho lisingefaa tena kitu.

Watengenezaji wa sinema huifahamu kanuni hii vizuri. Modeli ikiporomoka kutoka kwenye mwamba wa bandia, huanguka upesi mno, na macho ya mtazamaji huitambua mara moja kuwa ni kitu kidogo. Mvuto wa dunia haukupunguzwa pamoja na gari. Kwa skeli ya 1 kwa 25, muda wa kuanguka hupungua kwa kipeuo cha pili cha 25, ambacho ni 5. Hivyo kamera hupiga picha 120 kwa sekunde badala ya 24 za kawaida, na filamu inapoonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, modeli huonekana kuanguka kwa uzito unaostahili.

Vivyo hivyo kwa upepo. Mtu akitaka modeli ya skeli hiyo ipitiwe na hewa sawasawa kama gari halisi liendalo kilomita 100 kwa saa, kanuni ya mikondo ya hewa ingemdai upepo wa kilomita 2,500 kwa saa, ambao ni mara mbili ya kasi ya sauti. Na hewa iliyopita kasi ya sauti ina tabia nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo wahandisi wanaopima magari katika mapango ya upepo hutumia modeli kubwa zaidi.

Plastiki na kalibu

Vipande vya seti hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polistireni. Dutu hiyo iligunduliwa na Mjerumani Eduard Simon mwaka 1839, lakini uzalishaji wake viwandani ulianza katika miaka ya 1930. Molekuli zake ni minyororo mirefu sana, iliyopindana bila mpangilio kama nyuzi za usumba ndani ya godoro. Katika joto la kawaida minyororo hiyo imeshikamana, na plastiki ni ngumu. Joto likifikia karibu nyuzi 100 za Selsiasi, minyororo huanza kuteleza na plastiki hulainika. Ikizidi nyuzi 200 hutiririka kama asali nzito.

Tabia hiyo ndiyo inayowezesha utengenezaji. Polistireni iliyoyeyuka husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili. Humo hujaza kila mfereji na kila tundu, hupoa kwa muda mfupi, kalibu hufunguliwa, na vipande hutoka vikiwa bado vimeshikamana na vijiti vilivyokuwa njia ya plastiki. Ili vipande viweze kuchomoka, kuta zake hapana budi ziinamishwe kidogo. Kwa sababu hii mlango wa modeli, ukipimwa kwa makini, hautakuwa na unene sawa kutoka juu hadi chini. Penye mkutano wa nusu mbili za kalibu hubaki mstari mwembamba, na kazi ya kwanza ya fundi yeyote makini ni kuuondoa mstari huo kwa kisu na msasa. Gari halisi halina mstari wa namna hiyo, na jicho huuona hata chini ya rangi.

Modeli za zamani zilizogawiwa na wauzaji wa magari, kabla ya miaka ya 1960, zilitengenezwa kwa plastiki ya asetati ya selulosi. Plastiki hiyo hupoteza sehemu ya viungo vyake vilainishi kadiri miaka ipitavyo, ikasinyaa na kupinda. Mkusanyaji wa leo akikuta modeli ambayo boneti yake imeinuka na chasisi imejikunja, mara nyingi hiyo ndiyo sababu. Polistireni ilishinda kwa kuwa hushika umbo lake kwa muda mrefu, na pia kwa kuwa huunganika kwa njia ya pekee.

Gundi ambayo si gundi

Gundi ya mbao hushika kwa kuingia katika vinyweleo vya ubao na kukaukia humo. Kinachoitwa gundi ya modeli hakifanyi hivyo. Kwa hakika ni kiyeyushi. Kikipakwa juu ya polistireni, molekuli zake hujipenyeza kati ya minyororo ya plastiki na kuilegeza. Pande mbili zilizolegezwa zikikutanishwa, minyororo ya upande mmoja huingiliana na ile ya upande wa pili. Kisha kiyeyushi huvukiza na kwenda zake, na kinachobaki ni plastiki moja. Kwa lugha ya karakana, vipande havikugandishwa, vimechomelewa.

Kutokana na hayo hufuata kanuni tatu. Kwanza, kiungio chenye rangi hapana budi kikwanguliwe, kwa maana kiyeyushi kitachomelea rangi kwa rangi na si plastiki kwa plastiki. Pili, kiyeyushi kingi si nguvu nyingi, kwani kikizidi hulainisha ukuta mzima, na umbo huharibika siku kadhaa baadaye wakati fundi ameshasahau. Tatu, njia hii haifai kwa chuma, mpira wala plastiki za jamii nyingine. Kwa hivyo vitu hivyo hutumiwa gundi ya sianoakrileti, ambayo Harry Coover aliikuta mwaka 1942 na ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1958. Gundi hiyo huganda kwa unyevu mdogo uliopo juu ya kila kitu, na ndiyo sababu hushika vidole upesi kuliko kitu kingine chochote.

Jambo la afya halifai kupitwa. Gundi za tyubu za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na toluini, ambayo mvuke wake huathiri ubongo. Katika miaka ya 1960 baadhi ya vijana wa Marekani waliivuta kwa makusudi ili walewe, na miji kadhaa ikatunga sheria za kudhibiti uuzaji wake. Uvutaji wa mara kwa mara hudhuru ubongo na figo, na mvutaji anaweza kufa ghafla kwa moyo kuvurugika mapigo. Mchezo uliokuwa ukisifiwa kwa kuwatuliza watoto nyumbani ukaingia katika lawama kubwa. Mwaka 1969 kampuni ya Testor ilianza kutia katika gundi yake mafuta ya haradali, ambayo huwasha pua kiasi kwamba hakuna awezaye kuivuta kwa raha. Siku hizi pia hupatikana viyeyushi vilivyotokana na maganda ya machungwa. Hata hivyo sheria ya kazi haijabadilika: dirisha liwe wazi, na pasiwe na moto karibu, kwa kuwa mvuke wa viyeyushi vingi huwaka.

Jiometri ya kushusha paa

Badiliko lililopendwa kuliko yote, katika magari halisi na katika modeli, ni kushusha paa. Fundi hukata kipande katika kila nguzo ya dirisha, akaliteremsha paa na kuliunganisha tena. Gari huonekana refu, limeinama, na lenye haraka hata likiwa limesimama.

Kwa Ford ya mwaka 1932 kazi si ngumu sana, maana nguzo zake zimesimama karibu wima. Paa likishushwa, nguzo za juu hukutana na za chini bila taabu kubwa. Lakini kwa magari ya miaka ya 1949 hadi 1951, kama ile Mercury ya Hirohata, nguzo zimeinama. Nguzo iliyoinama ikikatwa na paa likateremshwa wima, ncha mbili hazikutani tena. Ya chini imebaki mbele, ya juu imebaki nyuma.

Mfano wa hesabu utadhihirisha. Tuseme paa la gari halisi lashushwa sentimita 10. Katika skeli ya 1 kwa 25 hizo ni milimita 4. Nguzo ya kioo cha mbele ikiwa imeinama nyuzi 30 kutoka wima, pengo litakalotokea ni milimita 4 mara 0.577, yaani milimita 2.3. Nguzo ya nyuma ikiwa imeinama nyuzi 45, pengo la nyuma litakuwa milimita 4 kamili. Jumla ni milimita 6.3. Fundi ana njia mbili: ama alikate paa katikati na kulipachika ukanda wa plastiki wa milimita 6.3, ama azilaze nguzo zaidi hadi zikutane. Njia ya kwanza huhifadhi mwinamo wa vioo. Ya pili huubadili uso wa gari. Mafundi wa chuma wa California walikabiliwa na uamuzi huohuo, isipokuwa wao pengo lao lilikuwa karibu sentimita 16, na kosa lao liligharimu bati, risasi ya kuzibia na kazi ya wiki nyingi.

Kabla ya kukata, fundi mwenye busara hubandika utepe wa karatasi kuizunguka kila nguzo, akachora juu yake mistari miwili iliyo sambamba, na kupima mara ya pili. Hukumbuka pia unene wa msumeno. Msumeno wa robo milimita hula robo milimita ya plastiki, nayo katika gari halisi ni zaidi ya milimita 6. Asiyeihesabu atashangaa kuona paa limeshuka kuliko alivyokusudia. Viungo vikishakauka hujazwa lipu maalumu ya plastiki na kupigwa msasa, kuanzia ule mkali hadi wa namba 600, pamoja na maji ili joto la msuguano lisilainishe plastiki.

Injini na nyaya zake

Seti ya kawaida huleta injini isiyo na nyaya. Wajenzi makini huziongeza wenyewe. Waya wa plagi katika gari halisi una kipenyo cha karibu milimita 8; katika modeli hiyo ni milimita 0.32. Waya mwembamba wa shaba uliotolewa katika redio mbovu hufaa. Akitumia waya wa milimita moja kwa sababu ndio alio nao, mjenzi atakuwa amefunga kwenye injini yake mabomba ya sentimita mbili na nusu, na modeli yote itaonekana ya uongo hata kwa mtu asiyejua sababu.

Injini iliyotumiwa sana katika hotirodi baada ya ile ya Ford ni ya Chevrolet ya silinda 8, iliyotolewa mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa lita 4.3. Ina nyaya 8 za plagi na mmoja wa koili. Zikipangwa ovyo juu ya distribyuta, modeli haitakataa kuwaka, kwa kuwa haiwaki kamwe. Lakini mjenzi anayetaka ukweli huuliza mpangilio wa uwakaji, na hupata kwamba ni silinda ya 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, kisha 2. Akiisha kuupanga ataanza kujiuliza kwa nini silinda haziwaki kwa kufuatana 1, 2, 3. Jibu linahusu mizani ya mtetemo na mgawanyo wa mzigo katika shafti kuu. Kijana aliyefikia swali hilo hachezi tena.

Rangi ambayo haikubali kupunguzwa

Sehemu inayowashinda wengi ni rangi. Rangi ya gari halisi ina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Kwa skeli ya 1 kwa 25 ingepasa kuwa milimita 0.004. Rangi iliyopakwa kwa brashi huweza kuwa na milimita 0.05, ambayo katika gari halisi ingekuwa milimita 1.25, mfano wa lipu ya ukutani. Pengo kati ya mlango na bodi, lenye milimita 5 katika gari halisi, ni milimita 0.2 katika modeli. Rangi ya milimita 0.05 kila upande hula nusu ya pengo hilo, na mlango huonekana umezibwa.

Dawa yake ni kunyunyizia rangi nyepesi kwa hewa, katika matabaka kadhaa membamba, kila moja likiachwa kukauka. Hata hivyo mkazo wa uso wa kimiminiko huivuta rangi kutoka kwenye kingo kali na kuilundika pembeni, kwa hiyo kingo hupewa tabaka la kwanza peke yake. Rangi zenye viyeyushi vikali, kama zile za magari halisi, huweza kupasua uso wa polistireni kwa nyufa ndogo ndogo, na lazima zitanguliwe na rangi ya msingi.

Rangi za kumetameta zina tatizo lake. Chembe ya metali ya sehemu ya kumi ya milimita humeta kama nyota juu ya gari kubwa. Juu ya modeli huonekana kama kokoto ya milimita 2.5. Hapana budi chembe zisagwe zaidi. Rangi zile za kina, zifananazo na peremende, hupatikana kwa kupaka fedha au dhahabu chini na rangi inayopitisha mwanga juu. Mwanga huingia, hugonga metali, hurudi, na kwa njia hiyo hupita katika rangi mara mbili. Tabaka likizidi unene mahali pamoja, hapo patakuwa na giza zaidi. Mwanga haujui skeli: mawimbi yake yana urefu uleule juu ya gari na juu ya modeli. Kwa hiyo tabaka jembamba la modeli huhitaji rangi iliyokolezwa zaidi ili lionekane na kina kilekile.

Vipande ving'aavyo vya seti, kama grili na bampa, huitwa vya kromu ingawa havina kromu hata chembe. Huwekwa ndani ya chombo kilichotolewa hewa, na alumini huchemshwa humo hadi ikawa mvuke. Kwa kuwa hakuna hewa ya kuuzuia, mvuke huo husafiri moja kwa moja na kutanda juu ya plastiki kwa unene usiofika elfu moja ya milimita. Fundi asiyeupenda mng'ao huo huviloweka vipande katika maji ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Maji hayo yana alkali, na alumini ni metali inayoliwa na alkali. Baada ya muda mfupi ng'aro lote limetoweka.

Adui aliye ndani ya kisanduku

Wapo waliounda modeli kwa uangalifu, wakaiweka kabatini, na baada ya miaka wakakuta magurudumu yameyeyuka pale yanapogusana na matairi. Hakuna joto lililopita wala mtu aliyeigusa. Matairi laini ya seti nyingi ni ya plastiki ya vinili, ambayo kwa asili ni ngumu na hulainishwa kwa kutiwa mafuta maalumu. Mafuta hayo hayakufungwa kikemia na vinili, huhama polepole. Yakikuta polistireni, hufanya kazi ileile ya kiyeyushi, ila kwa miaka badala ya dakika. Kinga yake ni kutenga: karatasi nyembamba ya alumini kati ya tairi na gurudumu yatosha, na matairi ya seti ambayo haijaundwa yafaa kuhifadhiwa katika mfuko wake peke yake.

Modeli iwapo shule

Swali la kwamba huu ni mchezo au ni elimu lilikwisha kujibiwa kwa vitendo huko Marekani. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1968, kampuni ya General Motors, kupitia tawi lake la Fisher Body, iliendesha mashindano ya uundaji wa modeli kwa wavulana. Hapo mwanzo waliunda magari ya farasi ya kifalme. Kuanzia mwaka 1937 wakaruhusiwa kubuni magari ya kisasa kwa skeli ya 1 kwa 12. Washindi walilipiwa masomo ya chuo kikuu. Chuck Jordan, aliyeshinda mwaka 1947, baadaye akawa mkuu wa ubunifu wa kampuni hiyo nzima. Mashindano hayo yalikuwa na kasoro moja kubwa: wasichana hawakuruhusiwa kushiriki. Hasara ya ubaguzi huo haiwezi kupimwa, kwa kuwa hakuna ajuaye ni wabunifu wangapi waliachwa nje ya mlango.

Umekuwapo hata wakati ambapo modeli ilitangulia gari. Mwaka 1968 Monogram ilitoa seti iitwayo Red Baron, iliyobuniwa na Tom Daniel, ya hotirodi yenye paa la umbo la kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani. Gari la namna hiyo halikuwapo duniani. Modeli ilipendwa hata ikaagizwa gari halisi lijengwe kwa kuifuata, nalo likakamilika mwaka 1969 katika karakana ya Chuck Miller. Safari hii hesabu iligeuzwa: badala ya kugawanya kwa 25, mafundi walizidisha kwa 24, na mambo yaliyokuwa rahisi katika plastiki yakadai chuma, uzito na mahali pa dereva kuketi.

Siku hizi baadhi ya wajenzi huchora sehemu kwa kompyuta na kuzichapisha kwa mashine za utomvu unaogandishwa na mwanga. Vyombo vimebadilika, lakini mapengo ya nguzo, unene wa rangi na kuhama kwa mafuta ya vinili ni yaleyale. Utomvu wenyewe umeleta tahadhari mpya: kabla haujaganda hudhuru ngozi, na vumbi lake halifai kuvutwa.

Ambaye hana seti ya plastiki hajanyimwa elimu hii. Mtoto aundaye gari la waya na makopo akichukua rula, akaenda kupima lori lililosimama njiani, akagawanya kila kipimo kwa namba moja na kushikamana nayo hadi mwisho, ameshaingia katika mlango uleule. Atakapoona kwamba waya wake ni mnene mno kwa skeli aliyoichagua, atakuwa amekutana na tatizo la wahandisi wote: kwamba umbo hupunguzwa kwa kalamu, lakini maada hufuata sheria zake.